Kidole Gumba cha Urho

Mwaka ule shoka lilipomteleza Urho
akipasua kuni za sauna nyuma ya nyumba,
kidole gumba kilining'inia kama kifungo cha koti kuukuu.
Nilikifunga kwa taulo la jikoni, nikabana, nikahesabu.
Kabla sijafika mia tatu, damu ilikuwa imejiziba.
"Damu ya Karelia," akasema, "haina ubadhirifu."

Nilikuja kuyakumbuka maneno hayo
kwenye korido ya hospitali, Joensuu,
saa kumi alfajiri, theluji ikiyeyuka ndani ya viatu vyangu.

Daktari Mustonen alichora nyuma ya bahasha:
huu mshipa, huu ukuta wake,
na humu ukutani siagi ya miaka arobaini
imelala kama uji ulioshika ngozi juu.
Ngozi ikapasuka. Basi.
Ufa mdogo kuliko punje ya shayiri.

Na damu, mtiifu, ikaona jeraha.
Chembe sahani zikaja mbio, zikashikana,
nyuzi zikatandwa, chembe nyekundu zikanasa
kama nzi kwenye utando wa buibui.
Zilifanya yaleyale zilizofanya kidoleni,
kwa bidii ileile,
ila safari hii jeraha lilikuwa ndani ya njia,
na ng'ambo ya kizuizi
nyama ya moyo ilikuwa ikingoja kupumua.

Kikulacho ki nguoni mwako, wasema.
Hiki hakikukusudia kula.

Wakapitia kifundo cha mkono kwa waya mwembamba,
wakalifyonza bonge, wakaacha humo
kijibomba cha wavu wa chuma.
Niliomba kuliona. Lilikuwa juu ya shashi,
jekundu, dogo kuliko beri tunazochuma Septemba.
Nilitaka kulichukia. Sikuweza.

Sasa Urho anameza vidonge viwili
vya kuifundisha damu uvivu.
Mwaka mzima, asiruke hata siku moja:
chuma ni mgeni, damu ikikiona itakidhani kidonda.
Siagi nimempa Kaarina, jirani,
aliyeipokea bila kuuliza.

Leo asubuhi wembe umemchanja kidevuni.
Nikachukua taulo, nikabana.
Mia tatu. Mia tano.
Mia saba, na bado doa linapanuka polepole.
"Haikomi," analalamika.
Namwambia anyamaze,
ananipotezea hesabu.