Bi Mchanyato

Nyumba yetu ya Mabela ilikuwa na simu nyingi,
lakini akaunti ya duka ilikuwa moja, yangu,
kwa kuwa kadi ya benki ilikuwa moja, yangu,
na kila mwenye haja aliingia mle akachota
kama mtungi wa ukumbini.

Basi lile duka likatujua kuwa ni mtu mmoja.

Na mtu gani! Alfajiri anaumwa magoti,
anatafuta mafuta ya kuchua.
Saa nne ni bi harusi, anapima shela.
Adhuhuri ana meno mawili, anataka uji wa ndizi.
Alasiri anavaa njumu, namba arobaini na tatu,
na usiku wa manane, Mungu amsitiri,
anauliza dawa ya kipara.
(Ya kipara hatukuulizana.
Baba yao alitazama dari.)

Nikigusa kitu, hapo hapo, kidole hakijanyanyuka,
rafu zote zinageuka kunitazama:
Umependa njumu? Utapenda na chupa ya kunyonyea.
Walionunua mkongojo wamenunua pia hina.
Tulicheka hata Bi Zuwena, mama mkwe wangu,
akatoa meno yake ya bandia, akayashika mkononi,
asije akayameza.

Raya ndiye aliyempa jina: Bi Mchanyato.
Bi Mchanyato kesha amka.
Bi Mchanyato leo kanuna, anatazama vitasa vya mlango.
Ijumaa, sinia ikiwekwa chini,
Yaarub husogea: mpisheni, mwachieni paja,
ana mechi jioni, na ananyonyesha.

Na Mundhir, kijana wa mizigo, akipiga simu:
Mama, nyumba gani?
Nyeupe, nyuma ya msikiti.
Mama, zote nyeupe. Na misikiti mitatu.

Yaarub akapata kazi Duqm, bandarini.
Njumu zilikaa mbele ya duka wiki mbili,
zikasogezwa nyuma kidogo,
siku moja nikatafuta, hazipo.
Raya akaolewa Al Ain, ana kadi yake sasa.
Ghaniya na mtoto wakamfuata mume Sohar.
Bi Zuwena tulimzika Shaabani.
Duka liliniuliza mara tatu
kama mafuta ya magoti yamekwisha,
halafu likanyamaza.
Si vibaya. Wapo majirani walioniuliza mara moja.
Baba yao kahamia Rustaq, kwenye mitende,
huja Alhamisi na kofia yake. Kipara kakikubali.

Na duka, polepole, bila kunipa pole,
likaanza kunipunguza.
Sufuria ya kibaba kimoja.
Kikombe, si seti ya sita, kikombe.
Mto wa shingo. Taa ndogo ya pembeni mwa kitanda.
Kitabu cha mapishi ya mtu mmoja,
wali wenyewe umepimwa kwa kijiko!

Lingekosea ningecheka.
Halikukosea.

Jana usiku mashine ya baridi inanguruma,
Agosti imeegemea dirisha,
nikaandika: njumu.
Rafu zikashtuka. Nikagusa shela. Nikagusa chupa.
Mkongojo nikaufungua, nikausoma wote,
urefu wake, mpira wake wa chini, rangi zake.
Nikaandika hata: kipara.
Duka likapepesuka kama mtu aliyeamshwa,
likapanga, likapangua,
na huyo, Bi Mchanyato akaingia,
jasho la uwanjani, hina mbichi mikononi,
hajui akae wapi, viti vyote vitupu.

Mahali fulani hapo katikati kidole changu
kikabonyeza pasipobonyezwa.

Leo simu inalia kabla ya adhuhuri.
Mama, nyumba gani? Nimesahau tena, zamani sana.
Nyeupe, nikamwambia. Nyuma ya msikiti.
Akafika, jua limemkausha midomo,
boksi kwapani.
Viatu vya mpira, mama. Yaarub karudi?

Nikampa maji kwanza.
Akanywa. Nikamtazama miguu,
ndala zimeisha kisigino,
nikamuuliza:
wewe unavaa namba ngapi?