Kipimo cha Maranda

Usilipige ngumi, Mama Nsimire.
Dirisha halina masikio, na kioo hicho
nilikibeba begani toka Nyawera,
nikapanda nacho Kadutu kama mtu aliyebeba ziwa
akihofia lisimwagike.

Tuanze na madogo.
Pale linapokwaruza kuna alama, mbao imeng'aa
kama kiti cha mlevi.
Paka kipande cha sabuni, au mshumaa ule
mliouweka kwa siku umeme utakapokatika,
yaani leo.
Huenda ni mvua tu. Libuyu hunywa maji Septemba yote,
huvimba, halafu Juni huomba msamaha.

Hapana. Bado linakataa.

Basi bawaba. Skrubu ya juu inazunguka bure,
tundu limepanuka.
Lete njiti tatu za kiberiti na gundi kidogo,
zisokomeze, vunja vichwa, ngoja ikauke,
ndipo skrubu ipate cha kuuma.
Masitiki ya kioo nimeyakanda mwenyewe,
chaki na mafuta ya kitani, kama bugali wa mgeni mmoja,
maana yale ya dukani hupasuka,
na baridi ya usiku hupita ufani
ikamtafuta Cito kitandani. Kikohozi chake nakijua.
Chini nimebandika ukanda wa mpira
wa baiskeli ya marehemu.
Samahani. Nilipaswa kuuliza kwanza.

Na bado, mama. Pembe moja inagoma.

Nipe uzi.
Shika juu kushoto, mimi chini kulia.
Tutie fundo. Sasa tugeuze:
wewe juu kulia, mimi chini kushoto.
Unaona fundo limefika wapi?
Vidole viwili nje ya mbao.
Mwaka juzi kilikuwa kimoja. Mwaka jana kimoja na nusu,
nikapiga randa, ukanipa chai, nikaenda zangu
nikijiita fundi.

Maranda yale uliwashia babula.
Ungeyatunza guniani ningekuonyesha
mlima umesogea kiasi gani.
Dirisha halina kosa. Ndilo pekee humu ndani
lililojaribu kubaki mraba,
na mimi kila mwaka nalifundisha kupinda.
Ukuta umefuata udongo, udongo umefuata maji,
maji yametafuta njia tangu jirani zako wa juu
walipoziba mfereji wapate kiwanja.
Funu inatembea, mama.
Polepole, bila viatu.

Ukanyamaza. Mvua ikaongea mabatini.
Kisha ukauliza ulichouliza mwaka jana:
"Lakini litafunga?"

Litafunga.
Nimelikata upande. Si dirisha tena la kuchorea watoto shuleni,
kila pembe ina tabia yake,
ila linaingia katika nyumba yako
kama jino lililopinda katika kinywa kilicholizoea.
Sukuma.
Eeh. Umesikia?
Sauti ndogo ya kitu kilichokubali.

Naandika tarehe kwa penseli hapa kwenye mwimo,
chini ya zile mbili.
Nafasi ya tarehe ya nne ipo,
lakini sitaki kuiandika.

Pesa nipe nusu.
Nusu nyingine panda nayo gari la Bagira kesho,
mwone shemeji yako, ulizia kile chumba
ulichosema kina giza. Giza si neno,
dirisha nitakutengenezea, na hilo sitalidai.

Na sikia vizuri, maana mimi si mtu wa maneno mengi
ila leo umenikuta:
likikwama tena kabla ya Noeli,
usitafute sabuni wala usiniite.
Usisimame hapo kulisukuma.
Mwamshe Cito, mfunge kitenge mgongoni
hata kama amekua, hata kama analia viatu,
mtoke kwa mlango.

Dirisha mliache lilivyo.