Hapana Tano

Miaka arobaini na mmoja nimetengeneza mizani
nyuma ya soko la Kutaisi, jirani na wauza jibini.
Springi iliyolegea naijua kwa kidole.
Jiwe la kilo lililokwanguliwa tumboni,
mwizi wa gramu kumi, namjua hata akitabasamu.
Lakini ulinipita mwaka mzima nisitambue
kwamba mjukuu wangu Zuriko, wa miaka minne,
alikuwa akinipima mimi.

Ilianza kwa trekta.
Trekta jekundu la plastiki mezani kwa Lamara,
gurudumu moja limepinda.
Nikasema hapana.
Akavuta koti langu. Hapana.
Akaketi kwenye theluji iliyokwisha kuwa tope. Hapana.
Akalala chali, buti zikitwanga ardhi,
hapana, nikasema, hapana,
na watu wakasimama na mifuko yao ya vitunguu
wakinitazama kana kwamba nimemkanyaga.
Ya sita sikuisema. Nilitoa pochi.

Basi akajua hesabu kabla ya shule:
hapana tano ni ndiyo moja.
Wiki iliyofuata nikakaza, nikafika tisa.
Naye akajifunza tisa.
Sikujua kwamba ukikaza kisha ukalegeza
hujafunga mlango;
umemwonyesha tu asukume kwa nguvu kiasi gani.

Mtoto akililia wembe, mpe, husema watu.
Mimi nilimpa kila siku, wembe uliopakwa sukari,
na aliyevuja damu ni mimi.

Jioni ndizo zilikuwa mbaya.
Binti yangu Eteri yuko Bari, ng'ambo ya bahari mbili,
anamwogesha kikongwe wa watu
kwa fedha inayolipia gesi yetu.
Zuriko akiwa kimya chini ya meza,
akichora farasi wenye miguu sita,
mimi namshukuru Mungu na kufungua gazeti.
Akianza kugonga kichwa ukutani
naikimbilia simu:
"Eteri, zungumza naye, zungumza naye!"
Na uso wa mama yake unawaka gizani,
nywele ndani ya kitambaa, macho mekundu kwa uchovu,
"Nini, roho yangu? Nani kakuudhi?"

Miezi minane nilipiga hivyo.
Usiku mmoja, nikisugua sahani ya shaba,
mkono ukasita wenyewe.
Mzee mpumbavu wewe,
mtoto huyu ana namba moja tu ya kumpata mama yake,
nayo ni kilio.
Na aliyemkaririsha ni wewe.

Jumamosi akalilia peremende.
Sikuhesabu. Nilichuchumaa kando yake, magoti yakilalama,
nikanyamaza.
Kilio kikapanda kuliko siku zote,
maana mteja akikuta duka lake limefungwa
hagongi mara moja akaenda zake:
kidole, ngumi, kisha teke.
Dakika ya kumi na nne, Lamara, kwa huruma zake,
akampenyezea peremende kiganjani.
"Maskini, babu yako ana moyo wa chuma."
Kimya.
Kazi yangu yote ikayeyuka kinywani mwake, ladha ya cheri.
Nilimchukia Lamara hadi darajani.
Hapo nikaikumbuka pochi yangu.

Jana, saa kumi alasiri, alikuwa chini ya meza.
Farasi wa saba. Hakuna aliyekuwa akimtazama, kama kawaida.
Nikapiga Bari.
Eteri alishtuka: "Kuna nini? Analia?"
Halii, nikasema. Anachora.
Nikainama, nikaishusha simu mpaka kwake.
Zuriko akautazama uso ule, akanitazama mimi,
penseli hewani,
kama mtu aliyerudishiwa chenji nyingi mno
asijue aitie mfukoni
au asubiri kuitwa mwizi.