Ya Katikati

Baba hakutupa punje.
Ikidondoka wakati wa kupukuchua aliiokota,
akaipuliza vumbi, akaibusu,
akairudisha kapuni kama mtoto aliyepotea sokoni.
Baltasar Ixcoy, mkono wa kushoto vidole vinne,
alikula mizizi milimani mwaka wa vita.
Njaa ile hakuisimulia.
Aliiokota tu.

Oktoba moja mvua haikukatika siku kumi na moja.
Huku Huehuetenango ukungu hulala hadi saa nne;
mahindi tuliyapandisha darini mabichi,
kuni zimelowa, moshi hafifu.
Januari tukakuta magunzi yameota ndevu,
za majivu, za kijani, nyingine njano kama kiini cha yai.
Mama akagawa:
mabovu ya kuku,
mazima ya kuuza mjini,
ya katikati yetu.
Chokaa itaosha, alisema, na moto utamaliza.
Tortilla zikatoka na mvuke, na chumvi. Tukashiba.
Miaka mingapi tumekula ya katikati?

Daktari, kijana mwenye wino shavuni,
alichora ini nyuma ya bahasha ya dawa,
akalitia nukta tatu.
Sumukuvu, alisema. Haina harufu. Ukiichemsha haifi.
Ikikutana na kirusi cha homa ya ini, ndiyo hivyo.
Katika Kimam neno hilo sikulipata.
Nikasema: Baba, ni zile ndevu za mahindi.
Akacheka hadi akashika ubavu wa kulia.
"Kuku," akasema, "walikufa kila Machi.
Nasi tukamlaumu mbweha."

Kikulacho ki nguoni mwako.
Chake kilikuwa darini. Tulikipandisha wenyewe,
kwa ngazi, kwa kamba, huku tukiimba.

Sasa mchambuaji ni mimi.
Taa ya simu, turubai, watoto wa kaka yangu.
Iliyosinyaa, iliyotobolewa na fukusi, yenye doa: ndooni.
Ndoo inajaa upesi kuliko kapu.
Candelaria, miaka sita, ananyoosha kiganja:
"Shangazi, na hii? Imeoza kidogo tu."

Naiinua kwenye mwanga.
Mkono unaipeleka mdomoni wenyewe, kuibusu.
Nauzuia njiani.
Ni Julai, gunia limebaki nusu,
mavuno yako mbali,
na punje bado i hapa, kati ya vidole vyangu,
nyepesi,
mtoto akisubiri kuambiwa.