Funguo Mbili, Samedan

Mjane wa Caduff alinikabidhi funguo mbili:
"Seraina, yapige picha. Waeleze wanunuzi lipi ni lipi."

La kwanza, buluu ya wino. Silinda kumi na sita,
nguvu za farasi elfu moja na mia tano,
na kilomita arobaini na moja tangu lizaliwe.
Arobaini na moja! Hata mbuzi wa Duri hutembea zaidi.
Viti vyake bado vimevaa nailoni.
Ukiliwasha, linanguruma kama mtu aliyeshiba
akisimulia vita asivyowahi kupigana.

La pili ni jepesi, la kaboni, silinda nane,
farasi wachache, kelele nyingi, adabu haba.
Kioo kina ufa, kokoto ya mlima Julier.
Chini ya kiti, risiti ya supu ya shayiri,
na kwenye wavu wa mbele, nyuki:
amekauka, mabawa wazi,
tangu Agosti ile ya mwisho ya mzee.

Mnunuzi wa Zurich akayazunguka mara tatu.
Akauliza kasi. Akauliza yaliundwa mangapi.
Akasema la buluu ni hazina, hili jingine limechoka.
Kisha akalamba kidole, akataka kumfuta nyuki.

Nikamshika mkono.
Mimi, mfuta vumbi wa gereji, nikamshika mkono.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Sawa, bwana, nimesikia.
Lakini lile la buluu
limejiuza mara tano
na halijui hata harufu ya mvua.