Nyuzi Tatu na Nusu

Wabebaji wanne wa Kirumba waliipandisha Mabatini,
ngazi mia moja na kumi na nne katikati ya majabali,
miguu yake imefungwa pamoja kama ya mbuzi wa mnadani.
Mmoja akatua, akafuta jasho:
"Dada Nyamizi, hili ni friji au jeneza?"
Nikasema, meza.
"Meza gani ina tumbo?"

Niliikuta stoo, kwenye klabu iliyofungwa kule Bwiru,
nikaipata kwa bei ya cherehani mbovu.
Panya walikuwa wamezaa ndani ya kengele.
Kwenye kioo cha mbele, msichana wa rangi za mafuta
anapiga mbizi tangu mwaka sabini na mbili
na hajafika majini.
Goti lake limebanduka. Nimeliacha hivyo.
Kisanduku cha sarafu kilikuwa na senti hamsini kumi na tisa:
sungura kumi na tisa
wasioweza kununua hata njiti ya kiberiti.

Baba alikuwa mhudumu pale.
Miaka kumi na moja aliipangusa kwa gazeti la jana
na hakuicheza hata mara moja.
"Senti hamsini," alinijibu zamani, "ilikuwa sabuni yenu."
Sasa upande wake wa kushoto umelala, tangu Machi,
na maneno anayachagua
kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

Mimi ni fundi wa majokofu, nilidhani naujua ukaidi wa umeme.
Nilisugua platini sitini na tatu kwa msasa laini, moja moja.
Koili mbili zilizoungua nikampelekea Magesa wa Nyakato,
msukaji wa mota za mashine za kukoboa,
anayehesabu mizunguko kwa kunong'ona;
ukimsalimia, anafumua yote, anaanza upya.
Mipira ya pembeni nilikata kwenye tyubu ya baiskeli.
Goroli ilikuwa imeliwa na kutu kama uso wenye ndui.
Nyingine niliipata Mwaloni, ndani ya beringi ya winchi.

Lakini nyumba yetu imekaa juu ya jiwe,
na jiwe halikuulizwa.
Limau likidondoka jikoni tunaliokotea mlangoni.
Na meza hii inataka mteremko wake yenyewe:
nyuzi tatu na nusu kuja kwa mchezaji,
kushoto na kulia pasiwe na upendeleo.
Pima maji ikasema hivi, goroli ikasema vile.
Niliweka vigae, vifuniko vya soda, kisigino cha kandambili.
Baba kitini, macho kayafumba, anaisikiliza ikibingirika.
"Kulia."
Nikatoa kifuniko kimoja.
"Bado."
Nikatoa kingine.
"Hapo."
Kumbe miaka yote ile, akiosha glasi, alikuwa akisikiliza.

Taa ziliwaka saa mbili usiku.
Visubi wa ziwa wakajaa dirishani, wakaja kufia kwenye kioo.
Nikaipiga ubavuni kidogo, kwa ushamba tu,
na mchezo wote ukazima.
"Imenuna," Baba akasema, haraka, bila kuchambua.
"Haipendi kusukumwa. Wanunuzi wa pamba walikuwa wanaitukania mama."

Tukagawana: pezi la kushoto langu, la kulia lake.
Goroli ya kwanza ilipita katikati yetu.
Akacheka kwa nusu ya mdomo.
Ya pili aliidaka, akaitupa juu kwenye uyoga,
kengele tatu, nne, sijui ngapi,
gurudumu la mamia limekwama kwenye saba
na sina spea.

Ya tatu ilikuwa juu kabisa umeme ulipokatika.
Tuliisikia ikishuka gizani
kwenye mteremko wetu tulioupima,
ikigusa uyoga usiojibu, ikigusa tyubu.
Baba akabonyeza kitufe chake.
Tik.
Akabonyeza tena.