Midomo Chini

Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo ya Agosti
Crema inanuka lami na mahindi yaliyonyweshwa usiku.
Wa ofisini wameshaondoka. Tumebaki mimi na Harleen,
wiki yake ya tatu, mikono bado inaogopa chuma.

Anza na sufuria kubwa, namwambia. Usidanganywe na mng'ao.
Krimu ina hila, hujificha nyuma ya mwiko,
kwenye kona ambayo kidole hakifiki na jicho linapuuza.
Toa gasketi, izungushe mbele ya taa, ilaze peke yake kwenye droo.
Kifuniko usikibane: mpira uliobanwa wiki nne
husahau umbo lake, kama mimi nilivyosahau kucheka
mwaka ule wa talaka.
Harleen hajui atazame wapi.
Namkabidhi tochi.

Rola tatu za kusagia rangi, zitenganishe.
Unene wa karatasi unatosha, mradi zisilale zimegusana.
Mizani, ipunguzie mzigo.

Kalibu za rangi ya mdomo ni mia mbili na kumi na sita.
Kitambaa cha pamba, si ukucha, si kisu,
maana mkwaruzo utakaouacha humu leo
utatokea mdomoni mwa mtu asiyekujua, huko Oslo, siku ya harusi.
Tone la mafuta. Karatasi. Sanduku.
Na usiandike "kalibu" tu. Andika ipi, lini, na nani kaifuta.

Huku kwetu tuna ukungu wa aina mbili.
Wa Novemba hupanda kutoka mto Serio,
hufuta barabara, hufuta hata mnara wa kanisa,
lakini una adabu: huja ukionekana, na huondoka.
Wa pili huzaliwa ndani ya bomba lililozibwa na maji yake,
ukajilea gizani mwezi mzima
bila kuomba chochote.

Egidio aliziba bomba moja.
Miaka thelathini na moja kazini, hakuwahi kukosea,
ila siku ile alikuwa na treni ya saa kumi
kwenda baharini kwa wajukuu.
Septemba tulipofungua, harufu ya chumba cha mgonjwa.
Kilo mia nne za krimu ya watoto tulizimwaga.
Hakuna aliyemgombeza. Kimya kile ndicho kilichomstaafisha.
Humkuta sokoni Jumamosi, akinunua nyanya,
akizigeuza moja moja, akizitazama chini.

Sasa mabomba ya mpira. Nayaviringisha sakafuni,
duara juu ya duara, kama tufanyavyo siku zote.
"Hapana, Fiorenza."
Nadhani sikusikia vizuri.
Baba yake, anasema, anakamua ng'ombe mia na themanini,
saa tisa usiku na saa tisa alasiri,
na mabomba ya maziwa hayalazwi hata siku moja.
Hutundikwa, yakiwa wazi, midomo chini.
"Maji yakipata pa kulala," anasema, "hayaondoki tena."

Miaka kumi na tisa nimefundisha watu humu.
Natafuta neno la kumrudisha nyuma. Sina.
Nakwenda kuleta ngazi.

Tunayatundika kumi na moja kwenye bomba la dari,
yananing'inia kama matumbo ya mnyama mkubwa mpole.
Harleen anaandika lebo kwa herufi za shule:
SAFI, KAVU, tarehe mosi, jina lake lote.
Naangalia saa. Nami nina treni.

Nazima taa.
Gizani tone linaanguka kwenye ndoo.
Kimya. Nashika kitasa.
Jingine.
Harleen anafuta neno KAVU kwa kidole gumba,
anageuza ndoo nyingine, anakaa juu yake.
Kuna ndoo ya tatu karibu na mlango.
Naivuta.